Sekenke: magofu ya Shelui yaliyozaa sarafu ya tembo

Wadau, hebu tuanze na swali dogo. Mtu akikutajia magofu yaliyomezwa na pori, akili yako inakimbilia wapi? Wengi wetu tuliokulia mbele ya runinga inakimbilia Guatemala na Mexico, kwenye piramidi za Wamaya, na kwa wazungu wenye kofia pana wanaokata mizizi kwa panga. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba, kwa kutumia miale ya leza kutoka kwenye ndege, wamebaini mabaki ya majengo zaidi ya 60,000 chini ya msitu wa kaskazini mwa Guatemala. Dunia nzima ikashangaa, na sisi tukaisambaza habari ile kwa marafiki kana kwamba ni ya shangazi yetu.

Sasa swali la pili. Shelui unaijua?

Kama umewahi kupanda basi kati ya Dar es Salaam na Mwanza, umeipita. Ukishatoka Singida unapita Misigiri, halafu ardhi inakatika ghafla na basi linateremka mlima Sekenke, na huko chini, pembeni mwa mbuga ya Wembere, ndiko iliko Shelui. Kabla ya lami mlima ule ulikuwa na sifa mbaya. Madereva wa malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo walikuwa wanaushuka huku wanataja majina ya mama zao. Siku hizi abiria anashtuka usingizini, anachungulia dirishani, anaona migunga na mabanda ya wauza kuku, analala tena.

Porini, karibu na hapo alipolala, kuna magofu. Hayana umri wa Wamaya wala wa Kilwa Kisiwani. Yana miaka mia moja na ushee tu. Lakini ni mabaki ya mgodi wa dhahabu unaotajwa kuwa wa kwanza katika nchi hii, na dhahabu iliyotoka pale ndiyo iliyogeuzwa kuwa sarafu inayotafutwa na wakusanyaji kuliko zote zilizowahi kugongwa Tanganyika. Sarafu hizo tunajua idadi yake hadi moja ya mwisho. Mahali zilikotoka hapana hata kibao.

Hilo ndilo linalonikera, na ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

DHAHABU KABLA YA GEITA

Ukiwauliza vijana wa mjini historia ya dhahabu ya Tanzania, wengi wataanzia Geita au Bulyanhulu. Aliyesoma magazeti zaidi atakutajia Golden Pride kule Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi za wawekezaji, uliofunguliwa mwaka 1998. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa umeshafungwa. Ulizaliwa, ukachimbwa, ukafa, yote ndani ya umri wa kijana mmoja wa sekondari.

Ila miaka karibu 90 kabla ya Golden Pride, si mbali sana na Nzega, Wajerumani walikuwa tayari wanavunja mwamba Sekenke. Dhahabu ilionekana huko mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, na mwaka 1909 uchimbaji ulikuwa umeanza. Kampuni iliyoshika kazi iliitwa Kironda-Goldminen-Gesellschaft, kwa jina la bonde la Kironda la hapo jirani. Hadi leo wataalamu wa miamba wanalitaja eneo hilo kwa jina la Sekenke na Kirondatal. Hiyo "tal" ya mwisho ni Kijerumani, maana yake bonde. Mjerumani ameondoka, bonde lake limebaki kwenye ramani zetu.

Fikiria hali ya mwaka huo wa 1909. Reli ya Kati ilikuwa bado haijafika Tabora. Ilifika mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo chochote kilichohitajika mgodini, awe na hamu nacho kiasi gani mwenye kampuni, kipande cha mwisho cha safari hakikuwa na treni. Kulikuwa na njia za miguu, na kulikuwa na mabega ya watu.

Na watu hao walipatikanaje? Hapa historia yetu haina siri kubwa. Tangu mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulitoza kodi ya nyumba, na vijijini kiwango cha kawaida kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Rupia hazioti kama mtama. Ili uipate ilibidi uuze kitu au uuze jasho, na aliyekuwa na rupia za kununua jasho alikuwa mwenye shamba la mkonge, mjenzi wa reli au mwenye mgodi. Ndivyo mkulima wa Kinyiramba, Kinyamwezi au Kisukuma alivyogeuka kibarua bila mtu kumfunga kamba. Kodi ilikuwa kamba tosha.

NILICHOKIONA

Nilifika Shelui kikazi, kufuatilia habari ya alizeti, na nilipomaliza nikabaki na siku moja mfukoni. Kijana wa bodaboda nilipomwambia nataka kwenda kuona majengo ya Mjerumani alinitazama mara mbili. "Kaka, wewe ni wa madini?" Nikamwambia mimi ni wa gazeti. Akacheka. "Basi leo utakula vumbi bure."

Alinipitisha kwanza kwa babu mmoja ambaye watu wa pale wanamheshimu kwa kujua mambo ya zamani. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, karibu," akaagiza kigoda, na hakukubali tuzungumze lolote mpaka nimekunywa maji. Aliposikia ninachotaka, alivaa kofia yake na kupanda nyuma yetu. Tukaenda watatu kwenye pikipiki moja, jambo ambalo askari wa usalama barabarani akilisoma hapa namwomba alipitie haraka haraka.

Msitegemee piramidi, wadau. Magofu ya mgodi hayajengwi ili yapendeze. Nilichokiona ni misingi ya mawe na saruji iliyofunikwa na nyasi kavu, vipande vya ukuta ambavyo mizizi imevipasua katikati kama mtu anavyopasua muwa, na vifusi ambavyo kwa mbali unadhani ni vilima vya asili mpaka ukanyage na kuona kokoto zote ziko sawa. Kokoto za namna ile hazitengenezwi na mvua. Ni mwamba uliopondwa na mashine. Babu alikuwa akitembea na fimbo na kila baada ya hatua kadhaa anagonga chini, anasikiliza, ndipo anaturuhusu kusogea. Nikamuuliza anagonga nini.

"Nasikiliza kama chini kuna nyumba," akasema. Nyumba, kwa maana ya tundu. Chini yetu kulikuwa na njia za mgodi wa zamani, na juu yake ni udongo na majani tu.

Midomo ya mashimo mingine ilionekana wazi. Nililala kifudifudi kwenye ukingo wa moja wapo nikachungulia. Hewa ya baridi ilinipiga usoni, kukawa na harufu ya popo, na jiwe nililodondosha lilichukua muda kabla ya kulia ndani ya maji.

Babu alisema baba yake alifanya kazi hapo zama za Mwingereza. Hilo linaingia akilini, maana Waingereza baada ya kuitwaa nchi waliuendeleza mgodi huo. Mambo ya duniani ndiyo yaliyousukuma. Uingereza ilijitoa kwenye mfumo wa kufunganisha pesa na dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Uamuzi wa Washington ukaongeza vishindo vya nyundo Iramba. Watu wanasema utandawazi ni kitu cha juzi. Waende Sekenke.

Nikamuuliza babu anakumbuka nini kutoka kwa marehemu baba yake. Akafikiri kidogo. "Kukohoa," akasema. Hakuongeza neno, na mimi sikumwongezea swali. Anayejua vumbi la mwamba linavyofanya kwenye mapafu ataelewa.

TEMBO WA TABORA

Sasa turudi kwa Mjerumani, kwa sababu ndipo hadithi inaponoga.

Agosti 1914 vita kuu ya kwanza ilianza. Manowari za Uingereza zikafunga pwani, na koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani likabaki kisiwa. Pesa zake zilikuwa zikitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Meli haziji, na vita haviendeshwi kwa mdomo. Askari anataka mshahara, mwenye ng'ombe anataka malipo, mwenye mtama hali kadhalika. Kuanzia mwaka 1915 wakachapa noti za muda humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Wananchi waliziangalia kama mimi na wewe tunavyoangalia hundi ya tapeli. Rupia ya fedha ilikuwa na uzito mkononi na mlio ikigongwa mezani. Karatasi ikilowa imekwisha.

Gavana Heinrich Schnee alikuwa amehamishia ofisi zake bara, Tabora. Huko, kwa kutumia mafundi na mitambo ya reli, wakaanzisha kiwanda cha sarafu mwaka 1916. Senti zao, heller 5 na heller 20, walizigonga kwa shaba, na sehemu yake ilitokana na maganda ya risasi na mizinga. Yaani umepigana asubuhi, ganda la risasi linarudi jioni kama chenji ya sokoni.

Kisha wakageukia dhahabu ya Sekenke. Wakagonga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja wana tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili yuko tembo ameinua mkonga mbele ya milima, na chini mwaka 1916 na herufi T, maana yake Tabora. Wakusanyaji wa sarafu husimulia kwamba aliyechonga muhuri wake alikuwa sonara kutoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Kama ni hivyo, basi sarafu ile ni ya Mjerumani kwa tai, ya Msinghala kwa mkono, na ya Mnyiramba kwa jasho.

Hapa naomba tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Kila sarafu ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Ziligongwa sarafu 16,198. Tunajua hata mgawanyo wake: za toleo moja ni 9,803 na za toleo lingine 6,395, na tofauti kati ya matoleo hayo ni urembo mdogo tu ambao mimi na wewe tungehitaji miwani kuuona. Ukizidisha unapata kilo 87 hivi za dhahabu safi. Hizo ndizo kilo zilizoondoka na tembo.

Hesabu nyingine. Sarafu moja ilikuwa rupia 15. Kwa kodi ya rupia 3 kwa nyumba, tembo mmoja angelipia nyumba tano. Tembo wote kwa pamoja wangelipia nyumba zaidi ya 80,000. Wazee wetu waliokimbizana na kodi ile walikuwa wanaponda mwamba wenye kodi za wilaya nzima.

Mchezo haukudumu. Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliingia Tabora, na tarehe 19 mji ukawa wao. Wajerumani wakaendelea kukimbizana na adui hadi Msumbiji na kurudi, wakaweka silaha chini Novemba 1918 kule Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wanaokadiriwa kukaribia 100,000 walikufa katika vita hivyo, wengi kwa njaa na maradhi na si kwa risasi. Nasema wanaokadiriwa, maana hakuna aliyewahesabu vizuri.

Hebu weka namba hizo mbili sambamba. Sarafu: 16,198, kamili, hadi ile nane ya mwisho. Watu: kama laki moja hivi. Leo tembo wa Tabora akipanda jukwaani kwenye mnada wa Ulaya au Marekani anauzwa kwa maelfu ya dola, ana cheti, ana picha za pande zote mbili, na kila mkwaruzo wake umeandikwa. Aliyemtoa chini ya ardhi hana jina.

SHERIA INASEMAJE

Mtu ataniuliza, kwani hatuna sheria ya kulinda magofu? Tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Tatizo ni kwamba ilichora mstari. Ili jengo lihesabike moja kwa moja kuwa kumbukumbu ya kale, liwe limejengwa kabla ya mwaka 1863. Wakati sheria inapitishwa, hiyo ilikuwa miaka mia moja nyuma, hesabu ya mtu mwenye akili. Ila miaka imekwenda na mstari umebaki pale pale.

Sekenke ya 1909 imechelewa miaka 46. Kwa maneno mengine, ukuta wa Kilwa una ulinzi kwa sababu ya umri wake, lakini ukuta wa mgodi wa Sekenke hauna, mpaka waziri mwenye dhamana aamue kuutangaza. Uwezo huo sheria inampa. Lakini ili waziri atangaze, ni lazima mtu aandike, apige picha, apime, apeleke. Majengo mengi ya Kijerumani tunayowaonyesha watalii pwani nayo yako upande wa pili wa mstari huo. Yanajulikana kwa sababu yako mjini, na kuna watu waliyasemea. Gofu la porini halina jirani wa kulisemea.

Cha ajabu, makaratasi yamepata bahati kuliko mawe. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Karatasi za Mjerumani ni urithi wa dunia nzima. Mahali alipochimba ni kichaka.

Na mkoa wa Singida hauna upungufu wa mambo ya kale, wadau. Mwanaakiolojia wetu Profesa Fidelis Masao aliandika juu ya michoro ya miambani ya kanda hii ya kati katika kitabu alichokitoa mwaka 1979, Iramba ikiwemo. Michoro ya Kondoa jirani yetu iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, Kilwa ikiwa imetangulia mwaka 1981. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza asubuhi na michoro ya wawindaji wa kale, mchana akaangalia mgodi wa Mjerumani, jioni akala kuku wa Singida. Nchi nyingine zingeshatengeneza fulana.

HISTORIA HAILIWI?

Nimeacha jambo gumu kwa makusudi, sasa nalisema.

Magofu ya Sekenke hayako peke yake. Wachimbaji wadogo wapo, maduara yapo, makarasha yananguruma, na Shelui yenyewe inakula, inajenga na kusomesha kwa dhahabu. Mchimbaji haangalii kifusi cha Mjerumani kama urithi. Anakiangalia kama marudio, yaani mchanga ulioshachenjuliwa mara moja, na mitambo ya wakati ule iliacha kitu ndani. Kwa nini auache? Chuma cha zamani kina soko la vyuma chakavu. Jiwe lililokwisha kuchongwa linafaa msingi wa nyumba. Kijana mmoja tuliyemkuta akijaza mfuko aliponisikia nikizungumza na babu habari za kuhifadhi, aliniambia kwa adabu tu: "Kaka, historia hailiwi."

Sina haki ya kumcheka. Mimi nalipwa mshahara kwa kuandika, yeye halipwi asipochimba. Atakayekuja Shelui na hotuba ya urithi huku anawafukuza watu kwenye riziki yao ataonekana Mjerumani wa pili, na watakuwa hawajakosea.

Lakini kuna jibu, na babu na fimbo yake ndio walionipa. Mgodi wa zamani usio na ramani ni mtego. Wachimbaji wa kale waliacha nguzo za mwamba kushikilia paa. Atakayezikuta leo na kuzichimba kwa sababu zina dhahabu anajishushia paa kichwani. Njia za kale zimejaa maji. Duara jipya likitoboa ukuta na kukutana nazo, maji hayaombi hodi. Mererani ilizika vijana mwaka 1998 na tena 2008 maji ya mvua yalipoingia mashimoni. Tunajua maji na migodi yanavyoafikiana.

Kwa hiyo kujua Mjerumani alichimba wapi, akaenda kina gani, Mwingereza akaendelea upande upi, hayo ni maisha ya watu walio chini sasa hivi. Kampuni za madini za zamani zilikuwa zikichora ramani za kazi zao za chini, ndiyo desturi ya kazi hiyo. Kila ramani ya Sekenke itakayopatikana kwenye makabati, iwe Dar es Salaam, Dodoma, London au Ujerumani, inafaa iwekwe mezani mbele ya wachimbaji wa Shelui kabla haijawekwa kwenye fremu ya makumbusho. Hapo historia inalika, kaka yangu. Inakurudisha nyumbani jioni ukale.

Na mambo hayo mawili hayagombani. Anayepima shimo kwa ajili ya usalama ndiye huyo huyo anayelipima kwa ajili ya kumbukumbu. Wachimbaji wenyewe wanaweza kuwa walinzi bora wa magofu kuliko mgambo yeyote, wakishirikishwa tangu mwanzo na kuachiwa sehemu zao za kazi, na sehemu chache, misingi ya kiwanda kwa mfano, zikatengwa na kuwekewa uzio na kibao. Serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini mwaka 2019 ilipata njia ya kuhesabu dhahabu inayotoka kwa wachimbaji wadogo. Gramu sasa zinaandikwa. Tungeongeza daftari moja dogo la kuandika na mahali zinapotoka, na watu wake.

Mimi nimeanza na kidogo ninachokiweza. Nimepiga picha za kila ukuta niliouona, nimeandika vipimo kwa hatua za miguu yangu, na babu ameahidi kunitajia majina ya wenzake baba yake aliyoyasikia utotoni. Alipofika jina la nne alisema amechoka, tutaendelea siku nyingine. Vijana wa akiolojia mlioko Mlimani mnaotafuta mada ya tasnifu, Sekenke hiyo hapo, barabara ni ya lami.

Na wewe mdau uliyezaliwa Kiomboi, Nzega, Igunga au popote pale, kama una babu au bibi ambaye wazee wake walifanya kazi Sekenke au Kirondatal, muulize Krismasi hii au Idi hii, usingoje ile nyingine. Muulize majina, kazi waliyofanya, mshahara, nyimbo kama zipo, na nani aliingia shimoni hakutoka. Andika hata kwenye simu, kisha niletee. Nitayapanga kwa herufi, nitayaweka hapa, na tutaona tutafika wangapi.